Upande Asiouona Dereva

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Mikidadi pale Itetemia, na mimi nikalala kizingitini kwake ili jeneza lisitoke. Anayejua mila zetu hatashangaa. Mikidadi alikuwa Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, na sisi na wao ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipeleka pembe pwani na kuomba maji kwao njiani. Mtani akifa, mtani wake ana ruhusa ya kumtukana, kuziba mlango, hata kujilaza kaburini, na mfiwa haruhusiwi kununa. Basi nikatandika kanga, nikajinyoosha na mifupa yangu hii mikavu, nikasema kwa sauti, "Hatoki! Hatoki mpaka aseme alimfanya nini Saidi Mrisho!" Watu wakacheka. Wajukuu zake wakacheka, wanawake wa jamvini wakacheka huku wanafuta machozi, hata shehe akaweka mkono mdomoni. Wakanitupia doti ya kanga mpya, wakaninyanyua kama gunia, mzee wa watu akapita. Na kabla ya hapo kijana mmoja alikuwa amesimama na karatasi, akasoma kwamba marehemu aliendesha injini za treni tangu ujana wake mpaka kustaafu na hakupata ajali hata moja. Hata moja! Nimesema kweli mbele ya umati, nikalipwa kanga. Ndiyo sababu nimemwomba mjukuu wangu daftari. Kwenye daftari hakuna mtani.

Majina ninayo yote. Watu husema wazee tunasahau. Mimi nasahau nilikoweka miwani, mtu simsahau. Mwaka ninaousema ni ule wa unga wa njano, tuliouita yanga, mvua zilipokataa na mahindi ya ng'ambo yakawa yanakuja kwa treni. Nilikuwa msichana wa kuolewa, nimeishia darasa la nne, nikapelekwa kukaa na dada yangu Asha kwenye nyumba za reli kwa kuwa alikuwa amejifungua. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja na kibaraza, katika safu ya nyumba zinazofanana kama meno, na jiko la pamoja uani. Nililala nyuma ya pazia la kanga, kwa hiyo mambo ya mke na mume nikayasikia mengi kuliko yaliyofaa umri wangu. Ukuta Asha aliupaka chokaa, moshi wa injini ukaurudisha mweusi, akaupaka tena. Chakula kilikuwa ugali wa ule unga wa njano, ambao Saidi shemeji yangu aliuita matope ya Wazungu, kwa mlenda, na siku nyingine migebuka mikavu, samaki wa ziwani, iliyoletwa na gadi wa treni ya Kigoma. Asubuhi ilikuwa chai na matobolwa, viazi vile tulivyochemsha na kukausha wenyewe, vigumu kama kokoto mpaka uviloweke. "Zena," Saidi angeniambia, "ukiolewa, mumeo umwambie matobolwa haya umeyajulia kwangu, asije akadhani umezaliwa nayo akili." Nami namjibu, "Shemeji, pengo lako hilo ndilo linakufanya uyanyonye, sisi wenzako tunatafuna." Ndivyo tulivyoishi.

Kazi ya Saidi ilikuwa kupanga mabehewa. Wenyewe waliiita shantingi. Hapa Tabora ndipo reli zinapoachana, ya Mwanza, ya Kigoma na ya Mpanda, na behewa la chumvi likienda kusiko, watu wa kule wanakula mboga chapwa mwezi mzima. Kwa hiyo kutwa nzima pale yadi lazima iwepo injini ndogo inayosukuma na kuvuta, inakata huku inaunga kule, na lazima wawepo watu wa kuingia katikati ya chuma na chuma, kufunga na kufungua, kuchomeka mipira ya breki. Injini ya moshi, ile ya zamani, ilikuwa inasema. Ikisimama inanyamaza, inatoka jasho tu. Ikitaka kwenda inavuta pumzi kwanza, chaa, ndipo gurudumu linageuka, na kati ya pumzi na gurudumu mtu ana muda wa kuchomoka. Wapanga mabehewa wa Tabora walifundishana hivyo, mkubwa kwa mdogo, tangu enzi za baba zao: macho yatazame mikono, masikio yatazame injini. Hakuna kitabu kilichoandika hayo. Na kwa sababu hakuna kitabu, wakubwa walipoleta mashine nyingine hawakufikiri kwamba kuna kitu watu wanatakiwa wakisahau.

Mashine hiyo ililetwa ikivutwa na treni ya mizigo, imepakwa rangi, inang'aa kama sufuria la harusi. Ilikuwa injini ya dizeli na umeme, ya kupangia mabehewa. Gervas, fundi wa umeme, kijana wa Nzega aliyekuwa anakuja kula kwetu kwa kuwa hakuwa na mke, ndiye aliyetueleza, akiwa amekaa kwenye kinu cha Asha kilichopinduliwa. Alisema dizeli haizungushi gurudumu. "Sasa inafanya nini, inakula bure?" Asha akauliza. Gervas akasema, "Inapika, mama. Dizeli ni mpishi, yuko jikoni, mle kwenye pua ya injini. Anachopika ni umeme. Umeme unapita kwenye nyaya unashuka chini, na kila ekseli ina mota yake inangoja. Mota ndiyo inayoshiba na kufanya kazi." Akatueleza kwamba mashine ile inaweza kung'oa mabehewa yaliyosimama, mazito, taratibu, bila kuteleza, na haina haja ya kuamshwa alfajiri kuwashiwa moto. "Na mpishi je, akishapakua anapumzika?" Saidi akauliza. "Hapumziki. Ikienda anavuma, ikisimama anavuma. Tena wakati mwingine imesimama, utasikia anapandisha sauti, kumbe anajaza hewa ya breki tu." Saidi akatafuna kidogo, akasema, "Kama mzinga wa nyuki. Unavuma kutwa, lakini haukwambii nyuki wanatoka saa ngapi." Tangu siku hiyo yadi nzima ikaiita Mzinga.

Mimi sina ugomvi na mashine. Ilikuwa kazi nzuri ya watu wenye akili, na chokaa ya Asha ilianza kudumu ukutani. Lakini ilikuwa na pua ndefu, ndefu, na chumba cha dereva kikawa nyuma ya pua hiyo, kiti cha dereva kikawa upande wa kulia. Aliyeko kulia anamwona wa kulia. Kushoto, mbele ya pua, hata tembo angeweza kusimama asionekane. Walioitengeneza walilijua hilo, maana waliweka kiti cha pili upande wa kushoto, na wiki za kwanza alikikalia Rajabu, aliyekuwa faimani wa injini ya moshi, mtunza moto. Rajabu alitoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "Bado! Bado! Haya, twende!" Kisha siku moja Bwana Meneja wa yadi akapita, akamwona. Jina la meneja huyo ninalo, na siliandiki humu makusudi. Amejengewa kaburi la marumaru lenye jina lake, linamtosha. Akasema, "Moto hakuna, faimani wa nini? Nchi inabana matumizi, wewe umekaa dirishani kama bibi harusi!" Rajabu akashushwa, akapewa ufagio. Kiti kikatolewa. Nakumbuka walikifungua kwa spana, wakakipeleka ofisini, akawa anakikalia karani.

Mikidadi ndiye aliyekuwa dereva wa Mzinga. Nisimwonee: alikuwa mtu wa kupendeza. Kila asubuhi kabla ya zamu alikuja kibarazani kwetu kunywa chai, na kabla hajafika tulisikia matusi. "Nyie wapagazi! Mmeshajitwika mzigo leo au bado mnatafuta kata ya kuweka kichwani?" Saidi anajibu kutoka ndani, "Kata ninayo, nasubiri mla nazi aje nimpakie." Mikidadi anachukua matobolwa kwenye sahani ya Saidi bila kuomba, ndiyo haki ya mtani. Saidi anavaa kofia ya Mikidadi anaondoka nayo. Mimi Mikidadi aliniita mchumba, nikawa namwambia mchumba gani ana kitambi cha kukopa. Na onyo lolote Saidi aliloweza kutoa kuhusu mashine ile alilitoa humo humo, katika kutaniana, kwa sababu ndiyo lugha waliyokuwa nayo. "Wewe kipofu wa kushoto," alimwambia, "siku moja utanikanyaga na hutajua kama ni mimi au ganda la muwa." Mikidadi akacheka mpaka chai ikampalia. "Mnyamwezi hakanyagiki, anabebeshwa tu!" Tukacheka wote. Leo nikikaa nikikumbuka napata hasira juu ya meno yangu mwenyewe. Mtu alikuwa anaomba uhai wake, nasi tunashika mbavu.

Kwa meneja Saidi alikwenda bila utani. Nikiwa nyuma ya pazia langu nilimsikia akimsimulia Asha. "Nimemwambia, bwana, mrudishe Rajabu, tunafanya kazi kwa kubahatisha. Ameniambia nisimame upande wa kulia, dereva ataniona." "Si usimame kulia basi?" "Asha, pale kwenye ghala la nafaka kulia ni ukuta wa kupakulia. Nitasimama ndani ya ukuta?" Kisha akasema, "Tumepanga Joseph akae juu ya ukuta, atazame mimi, amwonyeshe Mikidadi kwa bendera." Joseph Maganga alikuwa mwenzake wa zamu. Ndivyo walivyojitengenezea jicho la kushoto, wenyewe, kwa kichwa chao, na ofisi ikawaacha.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine. Mikidadi alikuja, akala, na alipoinuka akamwambia Saidi, na majirani wawili wanasikia, "Leo nakubinya kama karanga, wewe mpagazi, nikukamue mafuta nipeleke pwani." Saidi akasema, "Utapata robo kikombe, nyingine yote ni mlenda." Wakaondoka wameshikana mikono, kama ilivyokuwa desturi yao.

Saa nne nikapeleka chai yadini. Pale ghalani mabehewa ya mahindi yalikuwa yamejipanga, na wapakuzi wanabeba magunia, na Bwana Meneja mwenyewe amesimama juu ya ukuta katika kivuli cha bati anawaharakisha, maana wilaya zilikuwa zinapiga simu zinadai chakula. Mzinga ulikuwa umesimama, unavuma. Saidi alikuwa chini, upande wa pili, ameingia kuchomeka mpira wa breki kati ya pua na behewa. Joseph akaniona. Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Akaipachika bendera kwapani, akapokea kikombe kwa mkono mmoja na matobolwa kwa mwingine. Nayasema haya kwa kuwa lazima yasemwe: mikono ya Joseph ilikuwa imejaa chakula changu. Hakupunga chochote. Aliyepunga ni Bwana Meneja. Aliinua mkono wake juu, akautupa mbele, akawaambia wapakuzi waliosimama, "Twendeni! Twendeni bwana!" Mikidadi akauona mkono ule, na Mzinga ukaenda. Hatua mbili tu, labda tatu, taratibu, kama mtu anayesogeza kiti. Sauti haikubadilika hata kidogo kabla ya gurudumu. Niliyoisikia mimi ni sauti ya Saidi.

Gurudumu lilipita juu ya mguu wa kulia, chini ya goti. Tulimpeleka hospitali ya Kitete kwa lile behewa dogo la mafundi kisha kwa machela, na Mikidadi ndiye aliyeshika kichwa chake njia nzima, analia, anamwambia, "Nitukane, Saidi, usilale, nitukane." Saidi akamtukana kwa sauti ndogo mpaka tukafika. Mguu ukakatwa. Nilidhani ubaya umeishia hapo. Sikujua ndio kwanza unavaa viatu.

Ikatangazwa kwamba kutakuwa na kamati ya kuchunguza, na tukaambiwa mapema na makarani, maana ofisi haina siri, kwamba likionekana kosa ni la Saidi ataachishwa kazi kwa uzembe, na nyumba itachukuliwa. Na mwaka ule kuachishwa kazi hakukuwa kwenda kukaa nyumbani. Mjini walikuwa wanaandika majina ya wote wasio na kazi, wanawapakia malori, wanawapeleka vijiji vipya wakalime. Mimi vijiji sivisemi vibaya. Niliimba nyimbo zake, na niliamini, na mengine ninaamini hadi leo, kwamba mtu asile jasho la mwenzake. Lakini mtu wa mguu mmoja, mke mzazi na mtoto wa miezi minne, wakateremshwe porini waambiwe hapa ndipo nyumba yenu? Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Si heshima tu. Ilikuwa ni mahali pa kulala.

Asha ndiye aliyepata wazo, na nilimuunga mkono, sikatai. Tulikuwa Kitete, Saidi ameegemea mto, shuka limelala bapa pale palipopaswa kuwa na mguu. Asha akasema, "Mwenyekiti wa kamati ni mgeni, ametoka mbali, utani wa Mzaramo na Mnyamwezi haujui. Tuna majirani wawili waliosikia. Mikidadi alisema leo nakubinya. Tukilisema hilo neno pale mezani, kesi inageuka. Inakuwa ya Mikidadi." Saidi akasema, "Neno la utani haliendi polisi." Asha akapandisha, "Na mguu wako umekwenda wapi?" "Asha. Yule hakutaka kuniua. Nikimfunga kwa neno la mdomoni, kesho nani atamtania mwenzake nchi hii? Tutabaki kusalimiana tu, kama watu wa ofisini?" Mimi nikasema, "Shemeji, na yeye atasema kweli?" Akasema, "Mikidadi? Atasema." Na akalala usingizi, usingizi wa mtu asiye na wasiwasi.

Joseph sikumlaumu sana kwa kunyamaza. Akisema alikuwa anakula chai kazini, lori lilikuwa lake. Gervas nilimshika. Siku ya mapumziko nikamwambia, "Panda Mzinga, kaa kwenye kiti cha Mikidadi." Akapanda kwa wasiwasi. Nami nikaenda kusimama pale pale kushoto, mbele ya pua, nikanyoosha mikono. "Navionyesha vidole vingapi?" Akasema, "Zena, sikuoni hata wewe." Nikavua kanga ya kichwani nikaipeperusha. "Je, hii?" "Hapana. Ondoka hapo, mtu asije akatuona." Nikamwambia akaseme hayo kwenye kamati. Akatazama viatu vyake. Akaniambia ana mama yake Nzega, na kwamba kila fundi anayajua, na wakubwa wanayajua, na kwa sababu wote wanayajua hakuna wa kuyasema. Fundi wa umeme, kasoma, ana vyeti! Nilimwona mdogo kama punje ya ulezi.

Kamati ikakaa ofisini, watu watatu, meza imetandikwa kitambaa cha kijani, na Bwana Meneja pembeni yao kama mwenyeji. Ushahidi hawakuniita. Waliniita kuwapikia chai. Basi nikaingia na birika wakati Mikidadi amesimama mbele yao, kofia mkononi. Mwenyekiti akamuuliza, "Ndugu dereva, nani alikupa ishara ya kwenda?" Nikasimama na birika langu. Mikidadi alimtazama meneja, mara moja tu, haraka, kama mtu anayetazama jua. Akasema, "Ni Saidi mwenyewe, bwana. Alinyoosha mkono. Nikadhani ametoka." Niliona ulimi wake unavyopita midomoni, mkavu. Mwenyekiti akaandika. Nikasema, "Mwongo!"

Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akasema, "Dada, hapa si mahali pa chai." Nikasema, "Chai mmeiita wenyewe. Ndugu Mwenyekiti, Saidi alikuwa kushoto, mbele ya pua. Twendeni sasa hivi. Kaeni nyinyi kwenye kiti cha dereva, mimi nisimame pale, ninyooshe vidole, mniambie ni vingapi. Mkivihesabu, nifungeni mimi." Mmoja wao, mzee mwenye miwani, akaanza kuinuka, nilimwona. Bwana Meneja akacheka. "Ndugu zangu, huyu ni shemeji wa huyo mzembe. Tena anauza chai ndani ya yadi bila kibali." Nikamwambia, "Na mkono uliopungwa ulikuwa wako wewe. Nilikuwepo. Ulisema twendeni. Na kiti cha Rajabu ulikitoa wewe, kiko hapo kwa karani, mgeuke mkione!" Wakageuka kweli, wote watatu, wakamtazama karani, na karani akainuka nusu kama aliyekalia moto. Nikadhani nimeshinda. Mzee mwenye miwani akamuuliza dereva, "Hayo anayosema binti ni kweli?" Chumba kizima kikamgeukia Mikidadi. Neno moja. Sikutaka jingine. Akaigeuza kofia yake mikononi, akaigeuza tena, akasema, "Huyu binti ni mtani wangu, bwana. Ana mazoea ya kunisema hivyo." Wakacheka, kwa kupumua, kama watu waliotuliwa mzigo. Mzee mwenye miwani akakaa.

Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume na watoto wawili, na sijapata kukasirika tena kama nilivyokasirika nilipotolewa mlango ule na birika mkononi. Utani ambao Saidi alikataa kuutumia kumfunga mwenzake, mwenzake aliutumia kumziba mdomo. Watu wananiambia, bibi, alikuwa na watoto, aliogopa, ungefanya nini wewe? Mimi sijui ningefanya nini. Najua yeye alifanya nini. Woga nauelewa, nimekula nao sahani moja. Lakini kuna woga wa kunyamaza na kuna woga wa kusema uongo, na wa pili unahitaji ujasiri, na ujasiri huo alikuwa nao.

Karatasi ikaja: uzembe. Rajabu akarudishwa kwenye Mzinga wiki ile ile, kimya kimya, na kiti kikafungwa tena kwa spana ile ile. Wangekubalije kosa zaidi ya hapo? Lakini karatasi haikubadilika. Jina la Saidi likasomwa kwenye orodha ya lori la kijiji kipya, mbele ya Choma, na Asha alipomuuliza mwandishi wa majina mguu mmoja unalima nini, alijibiwa kwamba katika taifa linalojitegemea kila mtu ana kazi yake, atachunga ng'ombe. Atachunga! Ng'ombe wanamsubiri? Alikaa kule mpaka alipofariki, alijifunza kushona viatu vya matairi, watu walimpenda. Asha yupo huko hadi leo na ana mashamba. Sikuandika haya ili mseme basi ilikuwa kheri.

Siku ya lori niliwafungia vyombo. Asha alikuwa amekwisha panda, mtoto mgongoni, kinu kimepakiwa kichwa chini. Saidi alikuwa bado chini, kwenye fimbo zake mbili, anangoja anyanyuliwe. Mikidadi akaja. Alikuwa amebeba gunia la mchele kichwani, mwaka ule wa njaa, sijui aliupata wapi, na alikuwa amejitwika kata kama mpagazi. Akalitua gunia. Akajaribu sauti yake ya kila asubuhi, ikatoka nusu. "Wewe mpagazi! Leo mzigo ni wewe! Nimekuletea kata!"

Sisi wote tukangoja. Hata dereva wa lori alitoa kichwa. Saidi alijiweka sawa kwenye fimbo zake, akavua kofia.

"Asante sana, Bwana Mikidadi," akasema. "Umejisumbua bure. Nyumbani hawajambo?"

Mikidadi akasema, "Saidi."

"Wasalimie wote. Waambie nawaheshimu sana."

"Saidi, usinifanyie hivyo. Nitukane. Nitukane tusi moja tu, la mama yangu."

"Mungu akuzidishie, bwana," Saidi akasema, akanyoosha mikono yake miwili kwa wale walioko juu ya lori, wakamvuta.